NJIA ZA MILIMA YA USAMBARA: TOKA SIKU ZA MBEGHA HADI MATEMBEZI YETU



Kamati ya mkutano wetu imetenga siku moja ya kutembea milimani. Mhariri, akijua kwamba nimekula chumvi nyingi nikifundisha somo la historia, ameniomba niandike machache juu ya njia tutakazozipita. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, lakini nawaonya mapema kwamba haya si maelezo ya mahali pazuri pa kupigia picha. Hayo mtayapata kwa vijana wa Lushoto wanaoongoza wageni, nao wanayajua kuliko mimi. Mimi nataka tuulizane swali moja tu: njia hizi, ambazo leo mtu hulipa ada ili azitembee kwa kujiburudisha, zilitengenezwa na nani, na kwa kazi gani?

Jibu langu nalisema tangu mwanzo. Hakuna hata njia moja ya zamani katika Usambara iliyoanza kuwa njia ya matembezi. Zote zilianza kuwa njia za kazi: za shamba, za soko, za uwindaji, za kodi na za mizigo. Burudani ilikuja baadaye ikazikuta. Na kila mtawala aliyesahau jambo hili, akaichora milima kana kwamba haina wenyewe, alizusha matata yaliyodumu miaka mingi.

MILIMA NA WATU WAKE

Usambara imegawanyika sehemu mbili, Magharibi na Mashariki, na katikati limo bonde la mto Lwengera. Sehemu ya Magharibi ndiyo yenye Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae. Sehemu ya Mashariki ndiyo yenye Amani. Milima hii ni ya miamba ya kale sana, si ya volkano kama Kilimanjaro, na hupata mvua yake kutoka Bahari ya Hindi. Kwa kuwa mvua hiyo haikukatika kwa mamilioni ya miaka, misitu yake imehifadhi mimea na wanyama wasioonekana popote pengine duniani. Hata wataalamu walipowatenga baadhi ya vinyonga wa milima ya Afrika ya Mashariki na kuwapa kundi lao mwaka 2006, jina walilolichagua lilitoka katika Kiswahili chetu: Kinyongia.

Wasambaa waliigawa nchi kwa namna yao. Juu ni Shambaai, nchi ya baridi, migomba na maji. Chini ni nyika, nchi ya joto na ukame. Vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa milima, wala haikuwa kwa bahati tu. Mtu aliyekaa ukingoni aliweza kulima juu na kulima chini. Mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili ulimwokoa na njaa. Lakini ilibidi ashuke na kupanda ukuta wa mlima kwa miguu, jembe begani au mzigo kichwani.

Basi ukisimama Irente, karibu na mji wa Lushoto, ukaitazama nyika iliyo karibu mita 1,000 chini ya miguu yako, usidhani kwamba njia nyembamba zinazoteremka pale zilipasuliwa kwa ajili ya mgeni apate kuona mandhari. Hizo zilikuwa ghala la akiba. Njia ile ilimaanisha kwamba mwaka wa njaa watoto watakula.

MBEGHA MWINDAJI

Historia ya ufalme wa Usambara yenyewe ni historia ya mtu anayetembea msituni. Wengi wetu tulikisikia darasani kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kikachapishwa tena Nairobi mwaka 1962. Humo tunasimuliwa habari za Mbegha, mwindaji kutoka nchi ya Ngulu, aliyefarakana na nduguze, akaikimbia nchi yao, akaingia maporini pamoja na mbwa wake.

Mbegha aliwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba. Wenyeji walipomjia aliwapa nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Akapita kilima hadi kilima, toka Ziai hadi Bumbuli hadi Vugha, na kila alikofika aliwakuta watu wanaomhitaji. Masimulizi yanasema alimwua simba, wakamwita Simba Mwene, na jina hilo likawa la wafalme wote waliomfuata. Wanahistoria huweka mambo hayo katika karne ya 18.

Tuyapime masimulizi haya tupendavyo, lakini jambo moja ni wazi: Mbegha hakupata ufalme kwa kuifunga njia. Aliupata kwa kupita katika njia za watu akiwaletea kitu cha kuwafaa. Baadaye, chini ya Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, ufalme huo ulienea kutoka Vugha hadi karibu na pwani. Njia za milimani zikawa ndizo mishipa yake. Kodi ilipanda Vugha kwa njia hizo, na amri ikateremka kwa njia hizo hizo.

WAGENI WALIOANDIKA

Wazungu wa kwanza kuandika habari za njia hizi walizipita wakiongozwa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Richard Burton na John Hanning Speke walipanda kutoka Pangani hadi Vugha mwezi Februari mwaka 1857, kabla ya safari yao kubwa ya maziwa. Katika vitabu vyetu vya zamani watu hawa waliitwa wavumbuzi. Lakini mtu anayeongozwa na mwenyeji, juu ya njia iliyokwisha kukanyagwa kwa vizazi vingi, kwenda kwa mfalme anayejulikana mpaka pwani, amevumbua nini? Yeye ni mgeni aliyeandika. Tumshukuru kwa kuandika, nasi tuwakumbuke waliomwonyesha njia.

Baada ya Kimweri kufa vikazuka vita vya urithi. Semboja alijiimarisha Mazinde, chini nyikani, penye njia ya misafara ya Pangani, akapata bunduki kwa biashara ya pembe na watumwa. Njia zilizoteremka kwenye mashamba ya akiba sasa zikawa njia za hatari. Watu waliuzwa kupitia njia zilezile zilizowalisha.

MJERUMANI NA MSTARI WA MSITU

Wajerumani walipoitwaa nchi, Usambara iliwavutia upesi kwa hewa yake na kwa ukaribu wake na Tanga. Lushoto wakaiita Wilhelmstal. Reli iliyoanzishwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kutoka Mombo ikapasuliwa barabara ya kupanda Lushoto kupitia Soni. Hii ndiyo barabara tutakayopanda kwa basi, yapata kilomita 33, yenye kona zinazowafanya watu wa tambarare wafumbe macho. Njia ya miguu hupanda kwa ujasiri, moja kwa moja. Barabara ya magurudumu haina budi kujipindapinda. Ukizitazama mbili hizo pamoja pale Soni unaona mara moja ipi ilikuwa ya mwenyeji na ipi ililetwa.

Kazi ilihitaji mikono. Mwaka 1907 uliwekwa katika Usambara Magharibi utaratibu wa kadi ya kazi: kila mwanamume alitakiwa kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa walowezi, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali, zikiwamo za barabara.

Jambo la pili, na kwa habari yetu ndilo kubwa zaidi, ni sheria ya misitu ya mwaka 1904. Kwa sheria hiyo serikali ilianza kutenga misitu, na mpaka wa hifadhi ukachorwa. Tuseme haki: Mjerumani hakukosea alipoona kwamba msitu ukiisha maji nayo yataisha. Lakini mstari ule ulikata njia. Mtu aliyekuwa akipita msituni kwenda kwa shemeji yake, kukata mti wa kujengea, kuchimba dawa au kutambika, alilala mwananchi akaamka mhalifu.

Na wakati mwenyeji akizuiwa asikate mti mmoja, kampuni ya mbao ilijenga njia ya kamba za chuma kutoka Mkumbara nyikani hadi Shume juu mlimani, ili kuteremsha magogo ya mierezi. Ilikuwa kazi ya ufundi wa ajabu kwa wakati ule, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Huko Mashariki nako reli ndogo ilipanda kutoka Tengeni hadi Zigi, ambayo wao waliiandika Sigi, kwa shughuli za mbao na mashamba. Hivyo msitu haukufungwa kwa wote. Ulifungwa kwa wengine.

Juu ya Zigi, mwaka 1902, ilianzishwa Amani, kituo cha utafiti wa mimea na kilimo kilichopata sifa duniani. Walipanda miti kutoka kila bara, ukiwamo mkwinini wa dawa ya malaria. Vijia vyenye kivuli ambavyo leo watu huvitembea Amani wakitazama miti hiyo, vingi vilianza kuwa vijia vya wapanda miti, wapimaji na vibarua waliobeba miche. Ua dogo la zambarau ambalo hupamba madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani nalo lilitoka misitu hii. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao, likaelezwa na wataalamu mwaka 1893 na kupewa jina lake. Jina la mtu aliyemwonyesha mahali linapoota halikuandikwa.

MWINGEREZA

Juni 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Wilhelmstal, na jina la Lushoto likarudi. Mpaka wa msitu, hata hivyo, haukuondoka. Mwingereza aliurithi, akaongeza walinzi. Lushoto ikaendelea kuwa mahali pa Wazungu kupumzika na joto la pwani: kutembea, kupanda farasi na kula matunda ya baridi. Hapo ndipo neno burudani lilipoanza kuhusishwa na milima hii, na lilianza likiwa la wachache.

Kisha ukaja mpango wa kuzuia mmomonyoko, ulioanza katika bonde la Mlalo mwaka 1946 na kuenezwa Usambara tangu mwaka 1950. Watu waliamriwa kulima matuta, na waliokaidi walishtakiwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hakuna abishaye. Lakini matuta yalikula nguvu nyingi, hasa za akina mama, na yaliletwa kwa amri. Watu wakayakataa, chama cha TANU kikapata wasikilizaji, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Naitaja habari hii kwa sababu ni ileile ya mpaka wa msitu. Nia njema ililetwa kwa mlango mbaya, na ikakataliwa pamoja na mlango wake.

TULIYOYAONA WENYEWE

Wenzangu wa mwanzoni mwa miaka ya sabini mtakumbuka matembezi ya Jumamosi. Mwalimu wa zamu alituongoza kwa mistari miwili, tukiimba, hadi ndani ya hifadhi. Mlinzi wa msitu alitusalimu, akamwamkia Mwalimu shikamoo, tukapita bila swali. Siku moja, mahali pale pale, alikuwa amemsimamisha mama mmoja mwenye mzigo wa kuni zilizokauka, akamwamuru autue. Mama yule hakubishana. Alimtazama mlinzi, akatutazama na sisi na kaptula zetu, akasema kwa Kisambaa maneno ambayo mwenzetu mmoja alitutafsiria baadaye: kwamba watoto wa shule wanaingia kucheza, naye anazuiwa kupika.

Mlinzi alikuwa akifuata sheria, nasi tulikuwa na ruhusa, kwa hiyo sitaki kumlaumu mtu. Lakini tangu nilipoanza kufundisha historia sikupata kitabu kilicholieleza jambo hili kwa ufupi kama mama yule.

BAADA YA UHURU

Tusidhani kwamba mkoloni peke yake ndiye aliyetumia msitu vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Finland, ukataji wa magogo kwa mashine uliongezwa katika Usambara Mashariki. Njia za matrekta zikapasua msitu, na mahali palipofunguliwa mti mgeni uitwao Maesopsis, uliopandwa huko na watafiti tangu siku za ukoloni, ukaenea kwa kasi. Wataalamu wakapiga kelele. Katika miaka ya 1986 na 1987, kwa msaada wa Finland hiyohiyo, misitu ilipimwa upya, na ukataji huo ukakomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Sababu moja kubwa ilikuwa maji: mto Zigi hutoka katika misitu hiyo, na bwawa la Mabayani lililoko juu ya mto huo ndilo linaloinywesha Tanga.

Mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini Tanzania, yenye hekta 8,380 pamoja na bustani yake. Mwaka 2000 Usambara Mashariki ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Mwaka 2010 ikafuata Magamba, juu ya Lushoto. Kituo cha zamani cha reli pale Zigi kiligeuzwa kuwa mahali pa kupokelea wageni, na njia za matembezi zikawekewa alama. Lushoto nako, tangu miaka ya 1990, vijana walijikusanya kuongoza wageni kwa miguu hadi Irente, Magamba, Soni na hata safari ya siku kadhaa hadi Mtae, wakilala vijijini.

Safari hii yapo mabadiliko ya kweli. Amani, sehemu ya ada ya wageni imekuwa ikirudishwa vijijini, na wanavijiji wakaruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu za juma. Lakini deni lipo pia. Ili kuunganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini, ilitengwa sehemu iitwayo Derema, ambako wakulima zaidi ya elfu moja walikuwa na iliki yao chini ya miti. Walitakiwa kuiacha, na fidia yao ikachukua miaka kukamilika. Iliki ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Mgeni anayepita msituni akasifu ukimya wake hana budi kujua kwamba ukimya ule una gharama, na wapo walioilipa.

TUFANYE NINI?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hicho ndicho kipimo changu cha matembezi, na ningependa kiwe chetu sote. Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mapendekezo matatu.

La kwanza, siku ya matembezi tuajiri viongozi wa vijiji tutakavyopita, tuwalipe bei wanayoitaja bila kuivuta chini kama tulio sokoni Mombo. Chakula chetu nacho kipikwe na akina mama wa huko, badala ya kubebwa toka mjini.

La pili, kila kundi liwe na mwandishi mmoja. Kila njia ina jina kwa Kisambaa, na kila kilima, jiwe na chemchemi. Majina mengi hayamo katika ramani. Tuwaulize wazee: njia hii ilikwenda wapi? Nani alipita hapa, na amebeba nini? Majibu yao tuyaweke katika maktaba ya shule. Wazee hawa hawatatungoja mpaka mkutano ujao.

La tatu, wanafunzi wa sasa waende pamoja nasi. Sisi tulitembea tukiimba, na uzuri wake siusahau. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba tunakanyaga ghala la njaa, barabara ya kodi, njia ya watumwa na mpaka wa sheria, yote kwa mara moja. Watoto hawa watakuja kuwa mabwana misitu, wabunge, mahakimu na wenye makampuni ya utalii. Mmoja wao siku moja atashika kalamu ili achore mstari mwingine juu ya ramani ya milima hii. Ni vizuri awe amepita hapo kwanza kwa miguu, na awe ameongea na anayepita hapo kila siku.

Tukutane Mombo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mje na viatu vya kufaa na sweta, maana Magamba haina urafiki na mtu aliyezoea joto la pwani.